Rahisisha Kwanza, Ikupa

Kisiba, Tukuyu
6 Agosti 1995

Shangazi yangu Jenifer,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mgongo wa bibi, nao unauma kila mvua ikinyesha, na unajua mvua ya kwetu ilivyo. Baba hajambo. Mama hajambo ila siku hizi haonekani nyumbani, kwa sababu malori ya Dar es Salaam yanafuata ndizi mpaka huku vijijini na wanawake wote wa Kisiba wamegeuka wafanyabiashara. Mdogo wangu Simon amepata koti la mitumba linalomfika magotini, na hataki kulivua hata kanisani.

Shangazi, nadhani umeshasikia. Matokeo ya kidato cha sita yametoka. Fizikia na kemia nimepita, hesabu nimepata F. Bila hesabu chuo hakinichukui, na mimi nimeshawatangazia watu wote kwamba nitakuwa mhandisi wa maji. Nimeamua kurudia mtihani wa hesabu mwezi wa Mei kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huku hakuna wa kunifundisha. Wewe ni mwalimu wa hesabu na ni shangazi yangu, kwa hiyo sina pengine pa kwenda.

Nakuandikia swali moja la kutafuta derivative. Swali ni (x² − 9)/(x − 3). Nimelirudia mpaka nimechoka, na kila nikilirudia napata (x² − 6x + 9)/(x − 3)². Kitabu kinasema jibu ni 1. Nadhani kitabu kimekosea.

Utakuja lini nyumbani? Bibi anauliza.

Mwanao,
Ikupa

Singida
2 Septemba 1995

Mwanangu Ikupa,

Marahaba. Mimi ni mzima. Huku ni upepo na vumbi, ukianika shuka nyeupe unaanua ya kahawia, na maji tunayapata kwa foleni, kwa hiyo huo uhandisi wako uharakishe. Mpe bibi pole ya mgongo. Simon mwambie koti avae, ila mikono aikunje, asije akakosa kuandika shuleni.

Sasa swali lako. Kitabu hakijakosea. Na wewe hujakosea, na hilo ndilo linaloniudhi. Fungua mabano ya (x − 3)² uone kinachotoka. Ni kilekile ulichokiandika juu. Kitu kikigawanywa kwa chenyewe kinatoa nini? Hata Simon anajua. Umejaza ukurasa mzima kwa ile kanuni ndefu ya sehemu, umefika mpaka mlangoni mwa jibu, halafu umekaa nje ukilaumu kitabu.

Kabla hujagusa derivative, tazama mtajo ulio mbele yako. x² − 9 ni (x − 3)(x + 3). Kata x − 3 juu na chini, inabaki x + 3, na derivative yake ni 1. Mistari miwili, umemaliza, unakwenda kupika. Ila ukikata, andika pembeni kwamba x isiwe 3. Pale kwenye 3 mtajo wa mwanzo haukuwa na thamani, na kukata kwako hakuupi thamani. Rahisisha kwanza, Ikupa. Nimewaambia hivyo wanafunzi tangu nianze kazi hii, na naona nikifa itabidi waandike kwenye msalaba wangu ndipo wasikie.

Halafu mimi siwezi kukufundisha kwa posta. Mpaka nikujibu, umeshasahau uliuliza nini. Pale Msasani, mjini Tukuyu, yupo Mwalimu Ambindwile. Amestaafu. Ndiye aliyenifundisha mimi hesabu, na sijakutana na mwingine anayemshinda. Nenda ukabishe hodi, useme wewe ni wa Jenifer.

Na jambo jingine. Kuolewa ni baada ya chuo. Nakuandikia mapema kwa sababu namjua baba yako.

Shangazi yako,
Jenifer

Tukuyu
22 Oktoba 1995

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini vumbi limepungua. Hapa mjini kila mti una bendera ya chama na kila gari lina kipaza sauti, mpaka kura zipigwe ndipo tutalala. Bibi anaendelea vizuri. Simon alikunja mikono ya koti kama ulivyosema. Mama anasalimu sana.

Nimefuata ushauri wako wa kurahisisha kwanza. Nilipewa (x² + 9)/(x + 3). Nimekata juu na chini, ikabaki x + 3, na derivative yake ni 1. Mstari mmoja tu. Naona sasa nimeelewa.

Kuhusu yule mwalimu uliyemtaja, haikuwezekana.

Hukusema utakuja lini.

Mwanao,
Ikupa

Singida
12 Novemba 1995

Ikupa,

Marahaba. Mimi ni mzima, au nilikuwa mzima mpaka nilipofungua barua yako. Nilisoma mstari wako mmoja, nikaweka karatasi chini, nikatoka nikazunguka uwanja wa shule. Wanafunzi walidhani nimefiwa.

x² + 9 haikatiki. Wewe umechukua x ukaikata na x, ukachukua 9 ukaikata na 3, ile alama ya kujumlisha ukaiacha imesimama peke yake. Nani alikufundisha? Kinachokatwa ni kigawo kinachozidisha mtajo wote. Kipande kilichojumlishwa hakikatwi, hata kikifanana na kilicho chini. Mtajo usiporahisishika uache ulivyo, tumia kanuni ndefu na uvumilie. Jibu ni (x² + 6x − 9)/(x + 3)². Nilisema urahisishe, sikusema ufyeke.

Sasa nieleze. Haikuwezekana kwa nini? Barua yako umeiandikia Tukuyu mjini. Kutoka posta mpaka Msasani ni mwendo wa kutembea. Huyo mzee hang'ati. Alikuwa mkali darasani, lakini ukikosea alikuwa anakaa na wewe mpaka ukapata. Au unaona aibu? Aibu ya F unayo tayari, ya kubisha hodi ni ndogo. Na huko mjini unakaa kwa nani?

Shangazi

Tukuyu
27 Desemba 1995

Shangazi yangu,

Shikamoo, na heri ya Krismasi. Tulikula vizuri. Bibi alikwenda kanisani kwa miguu yake. Baba ameuza majani ya chai, na bado hajapewa malipo, kwa hiyo sikukuu nzima alikuwa na uso wa mtu anayedaiwa kodi. Mvua haijakatika.

Yule mwalimu ni mzee, na nyumba yake ina watu wengi. Halafu mimi nina kazi nyingi. Naomba tuendelee hivihivi kwa barua, usikasirike.

Nakuletea swali jipya. Mtajo ni (x² − 4)(x + 5)/(x − 2). Nimerahisisha ikawa (x + 2)(x + 5), nimefungua mabano, x² + 7x + 10, derivative 2x + 7. Pembeni nimeweka kisanduku, ndani yake nimeandika x ≠ 2.

Bibi anauliza tena.

Ikupa

Singida
16 Januari 1996

Mwanangu Ikupa,

Marahaba, na wewe heri ya mwaka mpya. Shule zimefunguliwa na vyumba ni vilevile ila wanafunzi wameongezeka, sasa wengine wanasomea dirishani.

Kazi yako ni sahihi. Nimeitazama kwa muda mrefu, kwa sababu ya kile kisanduku. Mimi nilikuambia uandike pembeni, sikukuambia uchore kisanduku. Katika maisha yangu nimemwona mtu mmoja tu anayechora kisanduku cha namna hiyo, chenye pembe moja iliyoachwa wazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nakichora, mpaka chuoni wakanicheka.

Kwa hiyo unafundishwa na Mwalimu Ambindwile. Halafu unaniandikia kwamba ni mzee na nyumba yake ina watu wengi. Nikatoa barua zako zote nikazisoma upya. Jina lake hulitaji. Unasema yule mwalimu, yule mwalimu. Ikupa, mimi nimekaa mbali miaka mingi lakini nimezaliwa Kisiba. Mwanamke wa kwetu halitaji jina la mtu mmoja tu, baba wa mumewe.

Niandikie ukweli, na usinizungushe.

Shangazi yako

Tukuyu
11 Februari 1996

Shangazi yangu,

Shikamoo. Bibi hajambo, na wote hawajambo.

Ndiyo. Niliolewa mwezi wa Oktoba, na Asajile, mtoto wake wa pili, anayepeleka ndizi Dar es Salaam. Hakuna aliyenilazimisha. Tulipendana tangu nikiwa kidato cha nne. Nilipopata barua yako iliyosema kuolewa ni baada ya chuo, posa ilikuwa imeshapokelewa. Ningekwambiaje? Niliogopa utaacha kunijibu kama ulivyoacha kumjibu baba.

Sasa nikueleze ninavyofundishwa, ucheke au ulie, hiari yako. Baba mkwe haruhusiwi kuniona wala mimi kumwona, hilo unalijua. Tangu nimeingia nyumba hii sijawahi kuuona uso wake. Akija uani, napigiwa kelele nijifiche jikoni. Alipojua mke wa mtoto wake anarudia hesabu, akaagiza kiti chake kihamishiwe sebuleni karibu na ukuta wa jikoni. Yeye anakaa upande ule, mimi upande huu karibu na mafiga. Haongei na mimi. Anaongea na mama mkwe, Mama Anyosisye, na mimi nasikia kila neno, lakini nasubiri mpaka mama arudie.

Baba anasema, mwambie atafute vigawo kwanza. Mama anageuka, ananiambia, anasema utafute wagao. Baba anasema, si wagao, vigawo. Daftari linapita kwa mkono wa mama, na akiona baba ameweka alama nyekundu nyingi halileti, analikalia, anasema mtoto wa watu asiumizwe moyo chakula kikiwa motoni. Siku nyingine nimekosa swali zima kwa sababu mama alisema jumlisha pale baba aliposema toa. Nimechoka, Shangazi. Lakini najifunza.

Baba mkwe mwenyewe nadhani angeiacha mila hii. Ni mama asiyetaka kusikia. Anasema nikikutana naye uso kwa uso sitapata mtoto.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Ikupa

Singida
3 Machi 1996

Ikupa,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Nimekasirika na sitaki kuficha. Nimekasirika kwa kuolewa, nimekasirika zaidi kwa kufichwa, na kuhusu ule ukuta sijui hata niseme nini. Mtu aliyesoma, mzee wa kanisa, aliyenifundisha mimi kuondoa njiani kila kisichohitajika kabla ya kuanza kazi, leo anafundisha kwa kupitia mafiga! Na mtihani ni Mei!

Fanya hivi. Ingia sebuleni. Vuta kiti. Fungua daftari. Mwamkie. Hakuna kitakachokutokea, wala wewe wala tumbo lako. Kata hiyo mila, ubaki na hesabu. Nilikwambia tangu barua ya kwanza, rahisisha.

Halafu kaka yangu Jotham anapokea posa ya binti yake wakati binti ana mtihani. Sishangai. Ndivyo alivyotaka kwangu pia.

Jenifer

Tukuyu
31 Machi 1996

Shangazi,

Shikamoo. Bibi ana mafua. Asajile yuko safarini. Mvua imeharibu barabara ya kwenda Kisiba, sijaenda nyumbani muda mrefu.

Naomba na mimi niseme, na unisamehe kama nitakosa adabu. Unaniambia nikate mila kana kwamba mama mkwe ni x − 3. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kilichojumlishwa hakikatwi. Mimi naishi humu. Nikiingia sebuleni leo, kesho nani atanishika nikijifungua? Nani atanipokea kuni? Mama ananipenda. Anakalia daftari langu ili nisilie. Nimkate vipi?

Na hata kikatikacho, ulisema niandike pembeni kwamba pale pana shimo. Baba yangu aliniambia. Ulikataa mume aliyekuwa ameshakubaliwa, ng'ombe wakarudishwa, na tangu siku hiyo hujakanyaga Kisiba. Sisemi ulikosea. Ningekuwa wewe labda ningefanya vilevile. Ila bibi, mama yako, yupo, anakuuliza kila mwezi, na katika barua zako zote hujawahi kumjibu. Ulirahisisha, Shangazi, lakini kisanduku hukuchora.

Mimi nataka mume na nataka chuo, vyote viwili. Kila mtu anataka niache kimoja. Nimechoka na nyie wote.

Ikupa

Singida
22 Aprili 1996

Mwanangu Ikupa,

Mpe bibi pole ya mafua.

Barua yako nilitaka kuijibu mara moja, nikaandika nikachana. Sitaijibu leo. Una mtihani, na maneno yangu yatakupotezea muda.

Soma swali mpaka mwisho. Tazama kama mtajo unarahisishika. Unaporahisishika, rahisisha, uokoe muda na karatasi. Usiporahisishika, usiulazimishe. Kula asubuhi. Usibishane na mama mkwe wiki hii, na akikalia daftari mwache alikalie.

Nakuombea. Nakupenda, hata kama nimekukasirikia mwaka mzima.

Shangazi yako,
Jenifer

Tukuyu
26 Mei 1996

Shangazi yangu,

Shikamoo. Bibi amepona. Asajile amerudi salama. Sasa nisikilize.

Msimamizi wa mtihani wetu alikuwa mgeni kutoka Mbeya. Asubuhi ya hesabu tulikaa chumbani tukasubiri, mgeni hakutokea. Tukaambiwa ana malaria, hawezi kuinuka, na bila msimamizi bahasha ya maswali haifunguliwi. Mkuu wa kituo akatoka mwenyewe kutafuta mwalimu yeyote mstaafu. Akamkuta mmoja barabarani anakwenda kununua gazeti.

Mlango ulipofunguliwa nilisikia sauti kabla sijamwona mtu, akimwambia mkuu wa kituo, sawa, kama hakuna mwingine. Hiyo sauti naijua kuliko ya baba yangu mzazi. Nikasimama. Nilivuta kanga kichwani mpaka usoni, na miguu ilikuwa inanielekeza mlangoni, lakini mlangoni ndipo alipokuwa yeye. Akatuangalia. Akaona mtu mmoja amesimama na kanga usoni, akajua. Akageukia ubao, akaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, halafu bila kugeuka akasema, kila mtu akae. Wote walikuwa wamekaa isipokuwa mimi. Nikakaa.

Alisimama dirishani, mgongo kwetu. Kwa mtihani mzima alitazama migomba ya nje, mpaka vijana wa nyuma wakaanza kunong'onezana majibu, akawanyamazisha bila kugeuka. Mimi mezani nilikuwa na karatasi nilizopewa mwanzoni. Nikajua kwamba zikiisha, lazima ninyooshe mkono, na atakayeleta ni yeye. Shangazi, sijawahi kurahisisha vile. Kila mtajo niliuangalia kwanza, nikautafutia vigawo, nikaukata, nikauandika kwa herufi ndogo kama za sindano. Swali lililonichukua ukurasa mwaka jana nililimaliza kwa mistari michache. Nilikuwa nabana karatasi kwa hofu, na kumbe majibu yanatoka.

Halafu swali la mwisho. Juu kuna x mara sine ya x, chini kuna x² + 1. Niliutazama mtajo ule mpaka macho yakauma. Haukuwa na cha kukata. Niliujaribu huku na huku, hakuna. Nikaanza kanuni ndefu, na katikati yake karatasi ikaisha.

Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa, nikafikiria maneno ya mama kuhusu mtoto, nikafikiria kuacha swali pale lilipofika. Nikanyoosha mkono. Hakuona, maana alikuwa anatazama nje, na mimi kumwita siwezi. Mkono ulikaa juu mpaka ukaanza kuuma. Mwishowe kijana wa pembeni akasema, Mwalimu, huyu dada anahitaji karatasi.

Akageuka. Aliona ni mkono wangu, kisha akaja. Aliweka karatasi mbele yangu, na mimi nikainua uso. Nilidhani ni mtu mkubwa, kwa ile sauti. Ni mzee mwembamba, Shangazi, mwenye macho ya Asajile. Akasema taratibu, andika. Nikaandika.

Sijui kama nimefaulu. Matokeo yakifika shuleni kwenu usiyatume kwa barua. Njoo nayo.

Jioni nilikuwa jikoni, na kiti cha upande wa pili nilikisikia kikivutwa kama kawaida. Mama akaniletea chai, akaniuliza mtihani ulikuwaje, nikasema mgumu kidogo. Akauliza, na msimamizi je, alikuwa nani? Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Mgeni tu, kutoka Mbeya."

Mama hakugeuka kunirudia maneno, kwa kuwa swali aliniuliza mimi. Alikuwa ananitazama, anasubiri.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Mgeni kutoka Mbeya."

Mwanao,
Ikupa